Vita vya Tupokigwe na Kiporo cha Baba Mkwe

Sogeeni, enyi watu wa Masukulu, na ninyi wa Lufingo mnaopenda vita vya kusimuliwa! Acheni chai ipoe, niutangaze ushujaa wa Tupokigwe, mpimaji wa maabara, jabari wa hadubini, aliyeiangusha sufuria pasipo kuigusa.

Asubuhi hiyo mama mkwe alikuwa shambani. Mzee Ambindwile, baba mkwe, simba wa mazizi, aliketi uani akifunua wali wa jana mchana uliolala jikoni penye joto, nao ulishaanza kuteleza. Tupokigwe akamwona kutoka migombani, akataka kumzuia. Lakini afanyeje? Mila ya Wanyakyusa haina mzaha: mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni wala hamsemeshi. Akinyamaza, mzee ataumwa. Akisema, atauaibisha ukoo.

Basi shujaa akamgeukia kuku aliyekuwa akichakura, akanena kwa sauti kuu:

"Ewe kuku, sikia nasaba ya adui! Ni ukoo wa Basilasia, vijidudu vyenye umbo la fimbo. Tukivitia rangi maabara, vingi hushika zambarau. Klostridia, vinavyokimbia hewa, vilihesabiwa humo zamani, kisha vikapewa ukoo wao. Basilasia vikifikwa na dhiki hujifungia ndani ya spora, ganda gumu. Maji yanachemka, vyenyewe vimelala tu. Wali ukilala, ndipo vinapoamka, vikamwaga sumu ambayo hata ukipasha moto haitoki."

Mzee akashusha kijiko, naye akamtazama kuku.

"Kuku, sipola ndiyo nini? Mwambie huyo aseme kipolo, ulimi usimtese."

"Kuku, spora imo ndani ya kiporo."

"Kipolo nimekula tangu enzi za baba yangu," akajibu mzee, na kijiko kikapanda tena.

Hapo Tupokigwe akarusha mkuki wa mwisho. "Kuku, ndugu wa damu wa huyo aliyemo kwenye wali ni Kimeta, muuaji wa ng'ombe."

Mzee akatupa kijiko. Kimeta kilishamwulia ng'ombe wake, naye akawalilia hadharani bila kuona haya. Akainuka, akaufukia wali wote shimoni, kuku asionje, kisha akasafisha koo.

"Kuku, mwambie mwanangu nimesikia. Ila njaa haijafukiwa, apike ndizi."

Ndivyo kiporo kilivyoanguka Masukulu, jicho lisikutane na jicho, na vizazi vya Rungwe vikumbuke. Tupokigwe akamenya ndizi machozi yakimtoka, akicheka peke yake. Tangu aolewe, hakuwa ameitwa mwanangu.