Flati ya Mia Tatu Sitini na Mbili

Jumatatu, 9 Juni 2014
Kasulu, dukani kwa Mansuri. Nimenunua flati, runinga bapa! Kombe la Dunia Busunzu nzima italiona kwenye kibanda changu, siyo kwa jirani yangu Abdalah na lile chogo lake, runinga ya zamani yenye kisogo. Mansuri akauliza natumia umeme gani. Dharau! Nikamwambia kusoma najua. Nikachagua boksi lenye namba nyingi kuliko yote. Mke wangu Rosa ameapa: Alhamisi Kombe likianza na kibanda kisipojaa, kinarudi kuwa ghala la maharage.

Jumanne, 10 Juni
Nimeibiwa! Boksi linasema inchi 32. Utepe wa Asmahani fundi cherehani unasema 28. Nimempigia Mansuri, nimefoka. Akajibu kwa upole eti kioo hupimwa kona kwa kona. Nani kapima godoro kona kwa kona? Nikapima. 32. Sawa, lakini radhi simwombi. Kuiwasha bado, isije ikachakaa kabla ya Brazil.

Mchana nimetundika ubao: INCHI 32, HEZI 50, WATI 60. JUMLA 142! Abdalah kapita, kasoma, kanywea. Raha iliyoje.

Jumatano, 11 Juni
Fitina! Abdalah kabeba chogo mpaka kwenye mizani ya maharage ya Zuleha. Naye katundika ubao: INCHI 21, KILO 24, HALIPEPERUKI. Watu wanamsifu, eti kilo ni kitu cha kueleweka. Jioni nimegeuza flati, nikakuta mgongoni VOLTI 220! Nimejumlisha. 362! Ajibu hilo.

Ijumaa, 13 Juni
Aibu. Jana kibanda kilifurika. Nikaunga flati kwenye betri yangu ya sola, ile ya kuchajia simu za watu. Haikuwaka. Fundi Nkunzimana akasema betri ni volti 12, flati inataka 220, mtu hununua kwanza inveta ya kupandisha volti. Sasa ndiyo anasema! Watu wakahamia kwa Abdalah mwenye jenereta. Wakaenda na mabenchi yangu. Nami nikaenda. Brazil imeshinda nikiwa nimesimama, nyuma ya benchi langu mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni
Rosa kajaza maharage kibandani. Flati iko juu ya magunia. Nkunzimana kaja kusema inveta zipo Kibondo mjini. Nikamuuliza zina inchi ngapi. Hajui! Nimemfukuza. Halafu nikasoma vizuri mgongo wa flati, na kosa nimeliona: volti 220 mpaka 240. Nilitangaza ile ndogo! Nimefuta ubao, nimeandika 382.