Kuitafuta Rangi ya Treni ya Baba Mkwe

Leo nimeumbuka, jamani. Naandika nikiwa nimejifungia bafuni.

Mnajua natengeneza vitreni vya mbao na bati. (Ndiyo, hapa hapa Mafia. Kisiwa ambacho hakijawahi kuona reli. Endeleeni kucheka.) Hiki cha sasa ni cha baba mkwe, dereva mstaafu wa treni kule Tabora. Tangu nimuoe Tedi, mzee hajanikubali. Mwezi uliopita nilimtumia picha ya kitreni, akajibu: "Hiyo treni ya nchi gani? Yangu ilikuwa damu ya mzee." Nikaapa akija ataikuta damu ya mzee yenyewe.

Ila duka la rangi hapa Kilindoni linauzia wenye boti: nyekundu, bluu, nyeupe, nyeusi, basi. Nikachanganya. Ya kwanza ikatoka maharage. Ya pili ikatoka ini. Tedi akanionea huruma: "Baba alimnunulia mama kitenge cha rangi ile ile ya treni yake. Mama anakipenda huyo! Wakija Jumamosi utalinganisha."

Leo asubuhi nimechanganya ya tatu. Nikachovya kijiti, nikatoka nacho kwenda dukani kuongeza nyeusi, nikapitia sokoni. Mara, mbele yangu, kwenye mafungu ya machungwa, mama mmoja kainama. Kitenge damu ya mzee!

Nikamsogelea kwa nyuma. Nikachuchumaa, nikasogeza kijiti karibu na kitenge, nikafumba jicho moja. Rangi zinafanana kabisa! (Mimi huyo, mtumishi wa serikali, niko chini nyuma ya mke wa mtu.)

"Wee kaka!" muuza machungwa akapiga kelele. "Unamfanya nini huyo mama?"

Mama akashtuka, akarudi nyuma, akakikalia kijiti. Nikakiacha, nikatoka mbio. Sikuiona sura yake, wala yeye yangu. Nikamshukuru Mungu. (Mapema mno.)

Nyumbani nikapaka kitreni chapchap. Namaliza tu, nasikia hodi. Wakwe! Wameamua kutushtukiza, wamekuja na boti ya leo. Mzee kabeba begi. Mama kabeba mfuko wa machungwa.

Machungwa! Na kile kitenge!

"Shikamoo mama," nikasema, nimeinama.

"Marahaba baba."

Nikaibia kutazama kwa nyuma. Sioni doa. Rangi imelingana kiasi hicho! Nikapumua. Mama akaketi kwenye kochi, juu ya vitambaa vyeupe alivyofuma Tedi. Aliponyanyuka aende kuoga, kitambaa kimepigwa mhuri.

"Mama, umekalia nini?" Tedi akauliza.

"Kuna mwehu kanifuata sokoni na kijiti. Wanasema kakimbilia huku huku."

Wote wakatazama vidole vyangu. Sikuwa nimenawa.

Mzee akainuka. Akachukua kitreni mezani, rangi ikiwa mbichi vile vile, akamwambia mkewe ageuke, akakiweka karibu na kitenge. Akatazama weee, mpaka machozi yakamlengalenga.

"Mama Tedi," akasema, "ndiyo yenyewe hii. Huyu kijana ni mkwe wangu."

"Ni wako," mama akajibu. "Mimi nataka kitenge changu."

Ndipo nikakimbilia huku. Sebuleni namsikia mzee anapiga honi kwa mdomo. Msicheke. Anayejua rangi ya mafuta inavyotoka kwenye kitenge anijibu upesi, mama yuko mlangoni anataka kuoga.