Nyumba ya Saruji ya Nguruwe Mweupe

Jumatatu, 6 Mei 1985
Amefika! Jike, mweupe, mapaja kama ya mke wa hakimu. Kijiji kizima kimetoka kumtazama akiteremshwa kwenye lori la mradi. Nguruwe wetu weusi serikali iliwaua wote kwa sababu ya homa ya nguruwe, sasa wazungu wanatuletea wa kwao. Na wa kwanza kaja kwangu. Si kwa jirani yangu Madan Orélus. Kwangu! Sharti lilikuwa banda lenye sakafu ya saruji na paa la bati, vyote wametoa wao. Nyumba yangu mimi ni udongo chini, nyasi juu. Lakini mimi si nguruwe wa kizungu. Akizaa tu, vitoto vyake vitampeleka Dieujuste wangu sekondari, mjini Hinche, Oktoba. Mwanangu anasoma bila kuchezesha midomo! Hata padri huchezesha.

Jumatano, 8 Mei
Huyu si nguruwe, ni mwana wa mfalme. Maganda ya embe hataki. Mihogo kanusa, kanitazama kama nimemtukania mama. Ni unga wa magunia ya mradi tu. Leo jua limemuunguza mgongo, mwekundu! Dieujuste kasoma kitabu cha mradi, kasema apakwe mafuta. Nimempaka mafuta yangu ya nyonyo, ya nywele. Nikamvika na kofia yangu ya kanisani. Madan Orélus kapita, kacheka mpaka kashika ua. Eti, "Mama Dieujuste, bi harusi anaolewa lini?" Nikamwambia mwenye wivu ajinyonge.

Ijumaa, 10 Mei
Mvua. Nyumba inavuja hadi kitandani. Daftari za Dieujuste zimelowa, na mtihani ndio huo. Nikatazama huku, nikatazama kule. Banda kavu kabisa! Basi akili ikafanya kazi. Mwana bandani na vitabu vyake, nguruwe ndani na mimi. Mpaka mvua ikatike tu. Dieujuste kasema, "Mama, watatukuta." Nikamuuliza ni mwendawazimu gani atatembea na mvua hii.

Jumamosi, 11 Mei
Mama wa kizungu wa mradi katembea! Na buti, na mwavuli, na Bwana Shamba Philogène nyuma yake. Tuliambiwa ukaguzi ni Jumanne. Wamefungua banda, wamemkuta Dieujuste kaketi juu ya gunia la unga, anasoma historia kwa sauti. Akasimama, akawasalimu kwa Kifaransa safi, kichwa kidogo chini, kama nilivyomlea. Machozi yalinitoka kwa fahari. Nikasahau kabisa niko taabani.

Mzungu akauliza nguruwe yuko wapi. Saa ileile ukatoka mkoromo nyumbani. Nikasema ni mume wangu, ana mafua. Bwana Shamba akakohoa. Anajua mume wangu yuko ng'ambo ya mpaka, anakata miwa ya Wadominika. Lakini mzungu, moyo wake mzuri, akaomba amwone mgonjwa.

Mgonjwa alikuwa kitandani, chini ya shuka langu la harusi. Na kofia kichwani.

Jumanne, 14 Mei
Wamemchukua. Kapewa Madan Orélus. Mzungu kaeleza, pole pole, kwamba mnyama lazima alale kwenye saruji. Nikamjibu hata mwanangu anapenda saruji. Akatazama buti zake. Bwana Shamba akasema sheria ni sheria. Madan Orélus akaondoka na nguruwe wangu, kofia bado kichwani. Nimelia. Hinche yangu inaondoka ikivutwa kwa kamba!

Alhamisi, 16 Mei
Lakini saruji haibebeki! Tumehamia bandani, mimi na Dieujuste. Hatuvujiwi. Jana Madan Orélus kaja kuomba mafuta ya nyonyo, mgongo umeungua tena. Nikamuuliza bi harusi hajambo. Kofia, eti, kaila.

Na kuna habari. Mradi mwingine unakuja, wa sungura. Wanazaa haraka kuliko nguruwe, na Oktoba bado. Sharti ni banda la saruji lenye vyumba viwili na dirisha. Nimejiandikisha wa kwanza, jina langu liko juu kabisa. Dirisha litakuwa la Dieujuste, msomi anahitaji mwanga. Sungura? Wadogo wale. Watalala kwenye kitanda changu cha zamani, na shuka nimeshalifua.