Wali Mtamu, On the Other Hand

Jumatatu, 9 Juni
Mzee Mwinyimvua, baba yake Sihaba, lazima anapenda waliosoma. Mudrick mpwa wake hakauki pale, na kila akikaa kijiweni hapa Kibiti anamwaga Kiingereza. Mimi darasa la nne nililiacha Salale, nikaenda kuvua kamba. Nitamwoaje Sihaba?

Nimechunguza. Linalonyamazisha watu zaidi ni on the other hand. Nimemfuata mwalimu Kudra wa tuisheni. Kasema ni "kwa upande mwingine": unataja jambo, halafu unaleta la pili linalotofautiana nalo. Mfano, Salale kamba wengi, on the other hand mbu nao balaa. Hiyo nusu ya pili sijaishika sana. Si muhimu.

Jumatano, 11 Juni
Nimejaribu kijiweni. Nikasema kahawa tamu. On the other hand. Nikanyamaza. Wote wakanigeukia! Dulla muuza kahawa akauliza, "On the other hand nini, mwanangu?" Nikatabasamu tu. Akaenda kuchungulia birika lake. Silaha ninayo!

Ijumaa, 13 Juni
Posa. Mjomba Khamisi, mshenga wangu, kanionya njiani: anayesema ni mshenga, mwoaji anakula na kuinamisha kichwa. Nimeinamisha. Wali wa nazi, kamba wa kukaanga. Mzee ananitazama, anatabasamu. Mara Mudrick akaanza Kiingereza chake. Roho ikaniuma! Nikasema, "Wali mtamu sana. On the other hand..."

Mudrick huyo: "Kasifia, sasa anataja kasoro."

Mikono ikasimama kwenye sinia. Mzee akasema, "Sema, baba, usiogope." Kasoro sina! Nikasema chumvi haijakolea.

Kapika Sihaba. Yuko nyuma ya pazia.

Bibi yake, Bibi Zabibu, akapiga kigelegele: "Niachieni mume wangu huyu! Meno sina, chumvi ninayo!"

Jumamosi, 14 Juni
Mjomba hasemi na mimi. Sihaba kaniandikia kwenye simu. Baba yake alishanikubali! Alinipendea ukimya, Mudrick anamchosha. Bibi katuombea nafasi ya mwisho. Kesho nitaulizwa moja tu: bado namtaka Sihaba? Niseme ndiyo, nitulie.

Ndiyo! Ndiyo hata mtoto mchanga anaisema. Nimerudi kwa mwalimu Kudra, kanipa zito zaidi: on the contrary. Eti unapinga kabisa alichosema mwenzako. Hapo kwenye kupinga sijapashika sana. Ila inavyotamkwa!

Bado namtaka? On the contrary! Mudrick kesho atanikoma.