Siku ya Kumi na Tano Kijitoni

Jumatatu, 15 Julai
Siku ya kumi na mbili. Hema imara, kahawa nzuri. Tatizo ni sheria ya msitu: siku kumi na nne mahali pamoja, kisha uhame maili tano. Zangu zinaisha keshokutwa, na Corinne, binti yangu, anashuka kutoka milimani Jumamosi. Wiki ya tatu hii yuko kwa miguu, simu haishiki. Barua yangu ya mwisho ilimwambia: kijitoni, chini ya msonobari uliopasuliwa na radi. Mwaka jana nilimpa mahali, nikahama kumkwepa askari, mtoto akanisubiri siku nzima. Hatujaonana tangu hapo. Mwaka huu sitoki!

Marvis kapita. Mama huyu alikuwa dereva wa basi la shule, sasa analala garini kule machimbo ya kokoto, maili sita. Kashauri tubadilishane: yeye hapa, mimi kwake, Jumamosi atampokea Corinne na kuniita. Nimemshukuru kwa adabu. Simjui? Tangu Juni anakimezea mate kijito hiki.

Jumanne, 16 Julai
Nimehamisha hema. Hatua kumi na moja. Bi Kroll, askari wa msitu, kaja saa nne. Nikamweleza kwamba hapa ni mahali pengine kabisa, hata upepo wake tofauti. Akatazama nyasi za njano zenye umbo la hema langu. Akauliza kama na kijito nimekihamisha. Kisha akaandika kwenye daftari. Mwanamke huyu anaandika sana.

Jumatano, 17 Julai
Kiti! Kwa watu wa mahema, kiti kitupu ni neno la mtu. Hakuna mwenye heshima atakayepiga kambi mbele ya kiti cha mwenzake. Nimehama jioni, kama raia mwema. Kiti kimebaki kunilindia.

Alhamisi, 18 Julai
Nimerudi kukikagua. Kiti kiko kwenye gari la Bi Kroll. Kasema kiti changu kikiwepo ni sawa na mimi kuwepo, kwa hiyo leo ni siku ya kumi na tano. Nichague kiti au faini. Nimechagua kiti.

Bado nakifunga kamba, Marvis huyo, anashusha jiko. Nikamwambia naona amefurahi.

“Wendell, Jumatatu nilikuomba,” akasema. “Leo sikuombi. Nenda machimboni, pako wazi.”

Nimekwenda. Pengine pote pamejaa.

Ijumaa, 19 Julai
Marvis anaogopa dubu kuliko kifo. Alipokwenda mjini kufua, nimepaka siagi ya karanga kwenye msonobari. Kidogo tu. Dubu aje, anuse, Marvis ahame, mimi nirudi.

Nimefika machimboni ndipo nikakumbuka Corinne naye atalala pale. Nimerudi mbio, roho mkononi. Nimeupangusa mti kwa shati langu mpaka gome likang'aa. Machimboni tena, shati nikalitupa hemani, nikaenda bombani kuchota maji.

Niliporudi, hema lilikuwa vipande. Dubu kalamba hata mto.

Jumamosi, 20 Julai
Nimefika kijitoni alfajiri. Kwenye msonobari Marvis kabandika ubao: CORINNE, BABA YAKO YUPO. KAA UNYWE KAHAWA, NITAMLETA. Nikausoma mara tatu. Moshi wa jiko ulikuwa mwingi.

Corinne katokea saa tano, anachechemea, mwembamba, kaungua na jua. Kaweka mzigo chini.

“Baba,” akasema. “Safari hii upo.”

Nikajifuta macho. Moshi tena.

Kauliza hema langu liko wapi. Nikasema upepo. Marvis akakohoa. Nikasema dubu. Corinne akashangaa, mbona dubu amemchagua baba peke yake.

“Mwanangu,” Marvis akasema, akiunusa msonobari, “dubu hachagui. Anaalikwa.”

Jumatatu, 22 Julai
Corinne kapanda basi la asubuhi. Atarudi mwisho wa Agosti, kijitoni hapa hapa. Kanishika mikono yote miwili, kaniapisha: hakuna ujanja tena, na watu wakitaka kunisaidia niwakubalie. Nimeapa, na nilimaanisha kila neno.

Marvis kasema Agosti tutapokezana naye, siku zangu kisha zake, kila kitu kwa sheria. Mama mwema. Lakini ya nini kumsumbua?

Nimenyoa ndevu za miaka ishirini. Bi Kroll anamhesabu mzee mwenye ndevu. Huyu mwingine hajalala msituni hata siku moja!

Saa sita kapita na gari lake, akapunguza mwendo.

“Hujambo, Bwana Wendell. Ndevu zimekwenda wapi?”

Nimeliona kosa. Nilibakiza masharubu. Kesho nayo yanaondoka.