Nukta ya Nne ya Kisu cha Baba

Hemlock Fork, Pennsylvania
12 Novemba 2018

Kwa Mhariri, Jarida la Wakusanyaji wa Visu vya Ketterling

Bwana Thurlow Hatch,

Pokea salamu zangu na heshima. Ni mwaka wa kumi na tisa niko chamani, na asubuhi za mikutano mimi ndiye ninayewakaangia chapati za maji. Sijawahi kulalamika. Leo nalalamika.

Toleo la Septemba uliandika historia ya Ketterling Nambari Saba, kisu cha kukunja chenye kufuli mgongoni. Ulisema bapa lake lilipigwa nukta moja mwaka 1971, mbili 1972, tatu 1973, na Agosti ya mwaka huo kiwanda kikafungwa. Nikakuletea kisu cha marehemu baba yangu, Emmett Sprankle, aliyekuwa fundi wa mashine ya nukta. Kina nukta nne. Ukakitazama kwa lenzi, ukasema mbele ya watu wote, "Lonnie, kiwanda kilishafungwa. Hiyo ya nne mzee wako aliipigia wapi, kanisani?" Watu wakacheka hadi kahawa ikawatoka puani, nawe ukakiingiza kwenye orodha ya visu bandia. Niliumia sana. Baba hakuwahi kughushi hata saini ya mama kwenye ripoti yangu ya shule, na nilimsihi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Nukta nne ni 1974. Hesabu ni yako, si yangu. Wewe mwenyewe umeweka kwenye kabati la vioo la chama upawa wenye nukta nne, unaouita wa majaribio ya kiwanda, na hakuna aliyeuita bandia.

2. Kama kisu ni cha 1974, basi 1974 kiwanda kilikuwa kazini. Najua mlango ulikuwa na kufuli na mashine zilishauzwa Ohio. Lakini mwaka ule baba aliondoka kila asubuhi na kopo lake la chakula, akarudi jioni hoi, ananuka samaki. Habari za mto sitaki kuzisikia. Kila kiwanda kina harufu yake.

3. Siku ya kufunga, kila mfanyakazi alipewa kisu kimoja. Cha Mjomba Virgil, kaka yake mama, kina nukta tatu. Ni dhahiri kwamba yeye alikwenda nyumbani, baba akabaki. Mjomba hudai visu vyao vilikuwa sawasawa, lakini mtu aliyempiga risasi ng'ombe wa jirani akidhani ni kulungu hawezi kuwa shahidi wa tofauti.

4. Kama baba alibaki peke yake, basi alikuwa mfua vyuma, msimamizi na mkurugenzi. Mwaka mzima alitoa kisu kimoja tu, kwani haraka haina baraka.

5. Kwa hiyo mimi ni mwana wa mkurugenzi wa mwisho. Historia isomeke 1971 hadi 1974, picha ya baba itundikwe juu ya ile ya Bwana Ketterling, na mimi nitolewe jikoni, niketi meza ya mbele, nikaangiwe.

Naomba jibu kabla msimu wa kulungu haujafunguliwa, maana Jumatatu ya ufunguzi hapatakuwa na mtu mjini wa kusoma barua.

Nisalimie mkeo Darlene, mweka hazina, na wote waliocheka, kila mmoja kwa jina lake.

Wako mwenye kinyongo cha heshima,
Lonnie Sprankle

Tanbihi: Nimemsomea mama barua hii. Ana miaka themanini na sita na anasikia vizuri kuliko mimi. Akasema, "Ya nne? Hiyo niliipiga mimi kwa msumari, hapo hapo mezani. Baba yako na Virgil kila wakitoka kuwinda wanagombania kisu, huyu anasema changu, na huyu anasema changu. Nikachoka." Basi, historia iache ilivyo, ila kisu kitoe kwenye orodha ya bandia, maana ni cha kweli na ni cha baba. Mama anasema vyombo vyake vyote vya jikoni alivipiga nukta nne, visipotee kwenye karamu za kanisa, na upawa wake haujaonekana tangu 1980. Jumamosi ya mkutano anakuja nami kuuchukua. Nitakuja na unga.