Mje Masoko Saa Mbili

Leo nimepatikana, jamani. Ningepatikana peke yangu ningenyamaza kimya. Lakini nimepatikana gatini, asubuhi kweupe, mbele ya mama mkwe na wanawake wa Pande waliokodi gari kuja kutusindikiza.

Nianzie mbali kidogo ili msinihukumu haraka.

Mnaonijua mnajua mimi ni Mmakonde wa Newala, nimeolewa Kilwa, na nashona nguo hapa Kilwa Masoko. (Sisi wa huku tunasema Masoko tu, inatosha.) Mama mkwe wangu, Bi Somoe, anakaa kijijini Pande, huku huku Kilwa. Ni mtu mwema, anasali, anawapenda wajukuu zake, hana makuu. Ila tangu niolewe hajawahi kuniita mkwe hata siku moja. Kwake mimi ni "mtu wa bara". Nikiunguza samaki, "mtu wa bara huyo". Nikisita kuingia kwenye boti, "mwacheni, mtu wa bara". Anasema bila ubaya, lakini mwanangu wa kwanza yuko darasa la tatu sasa na mimi bado mgeni. Inauma.

Basi nikasikia redioni kuna meli ya matembezi. Unapanda, unalala humo humo, unakula humo humo, inakuzungusha visiwani siku kadhaa. Zamani meli huku kwetu ilikuwa ya kungojea na kuomba Mungu. Siku hizi biashara imefunguliwa, kampuni zimejaa, na kila mwenye meza na simu ni wakala wa safari. Nikaamua. Mama mkwe atapanda meli, na atapandishwa na huyu huyu mtu wa bara.

Kazi ikawa kumpata wakala anayejua anachokiuza. Wa kwanza nilimkuta Lindi, stendi, ana picha za meli na miwani ya jua. Nikamuuliza meli yake inapitia wapi. Akaanza kunitajia kwa kujiamini: Mtwara, Lindi, Rondo...

"Rondo?"

"Rondo, dada."

"Meli inapita Rondo?"

"Inapita, ila haisimami."

Wenzangu, Rondo iko juu huko, ni mashamba na msitu. Bahari utaiona ukishuka. (Hata mimi mtu wa bara hilo nalijua.) Nikamshukuru, nikapanda basi nikarudi zangu nyumbani.

Wa pili nilipewa namba yake na mteja wangu. Anaitwa Salome, yuko Dar, na huyu ni mjuzi kweli. Nilimhoji kwa simu kama trafiki aliyeamka vibaya, hakubabaika. Akaniambia vyumba vya katikati ya meli haviyumbi sana. Akaniambia mama asipande na njaa, na asipande ameshiba. Nilipomuuliza habari ya bandari, akanipa darasa.

"Abiria wote wanaanzia Dar, dada. Na usiangalie tu meli inaondoka saa ngapi, angalia mtalala wapi usiku wa kuamkia safari. Watu wa kusini huwa nawaambia waje siku moja kabla, maana mvua ikinyesha barabara yenu haiaminiki."

Hapo nikatoa maombi mawili. La kwanza, tupewe chumba cha chini, mama hawezi ngazi. La pili, kama inawezekana tupandie bandari ya karibu, maana mama akikaa kwenye basi muda mrefu miguu inavimba. Salome akasema yote mawili anayapeleka kwa meneja. Akanitajia pia tutakakopita: Mafia, halafu mji wa kale wenye magofu, halafu Unguja, mwisho Dar. Nilipomsimulia mama mkwe, akaushika huo mji wa kale.

"Huo ndio nautaka," akasema. "Nife nimeuona."

Siku zikapita. Juzi, nampima mteja kiuno, simu ikaita mlio wa ujumbe. Naunakili kama ulivyo: "Habari dada. Ombi lenu limekubaliwa. Jumamosi mje Masoko saa mbili asubuhi mchukue vitambulisho, kisha tuelekee kwenye meli. Salome."

Masoko! Hapa hapa! Nilishangilia mpaka mteja akabaki ameishika futi mwenyewe kiunoni. Yaani meli inatoka Dar kuja kutuchukua mlangoni. Nikawapigia Pande wote wenye simu.

Mume wangu ni mtu wa taratibu. Akausoma ujumbe, akaurudia. "Una hakika, Mama Zuhura? Hebu mpigie huyo dada."

"Imeandikwa Masoko," nikamjibu. "Unataka nimpigie nimuulize Masoko iko wapi?"

Akanirudishia simu. (Naomba mlikumbuke hilo jibu langu. Yeye analikumbuka.)

Tuje leo. Asubuhi gari la Pande likaingia na vigelegele. Mama mkwe amevaa baibui jipya nililomshonea mwenyewe, kabeba mkate wa kumimina, kuku wa kukaanga, na mto wake wa kulalia, kwa sababu hailazi shingo yake juu ya mto wa watu asiowajua. Mimi nimevaa kofia pana. Nani alinituma nivae kofia, sijui. Tukashuka gatini kwa msafara, mimi mbele.

Gatini kulikuwa na boti za samaki na chombo kimoja kikubwa kidogo, cha chuma, kimefungwa kamba. Moyoni nikaona mbona meli yenyewe ndogo kuliko kwenye picha. Lakini picha nazo hukuza mambo. Nikamwendea mlinzi.

"Habari za kazi. Sisi ndio abiria wa chumba cha chini."

Mlinzi akanitazama, akaitazama kofia. "Dada, hii imeleta saruji."

"Kaka, usinifundishe. Nimeongea na wakala."

"Sawa, lakini imeleta saruji."

"Tuonyeshe chumba chetu, tafadhali. Mama hawezi kusimama muda mrefu."

Akaona asibishane na mtu. Akamsalimia mama mkwe, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, akatusogeza hadi mahali unapoweza kuchungulia ndani. Mama mkwe akachungulia. Huko chini mifuko imepangwa mpaka juu, na kijana mmoja mweupe kwa vumbi amelala juu yake anakoroma.

"Ndiyo chumba chetu?" mama mkwe akauliza kwa upole. "Na yule ni nani?"

Nikatoa simu. Kwa kuwa wanawake wa Pande walishatuzunguka, na kwa kuwa nilitaka wote wasikie wakala anavyoniheshimu, nikaweka sauti ya nje. Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi.

"Dada Salome, habari. Sisi tumeshafika."

"Karibuni sana. Mpo wapi?"

"Masoko."

"Mbona siwaoni? Mimi nipo Masoko."

"Na sisi tupo Masoko."

"Mmekaa upande gani?"

"Hapa, karibu na mizani ya samaki."

Salome akauliza, taratibu sana: "Dada, mizani ya samaki imefikaje ghorofa ya tatu?"

"Masoko hakuna ghorofa ya tatu," mlinzi akadakia.

"Ipo," akasema Salome, "na nimesimama mlangoni. Hapa juu pameandikwa Masoko. Ofisi ya Masoko, dada. Masoko na Mauzo. Ya kampuni."

Nikamuuliza ombi letu lililokubaliwa ni lipi.

"La chumba cha chini. Lile la bandari meneja alikuwa hajanijibu."

Mwanamke mmoja wa Pande akaanza kucheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Wenzake nao wakashikwa na kikohozi. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe akauweka mto juu ya begi, akaukalia, akatazama baharini. Nikasubiri aseme "mtu wa bara". Hakusema. Afadhali angesema, maana machozi yalishafika hapa. Nilikuwa namwona kichwani akirudi Pande na kuku wake, na mimi nikiitwa mtu wa bara mpaka Zuhura azeeke.

"Msiondoke hapo," Salome akasema. "Nakupigia."

Kukaa kusubiri simu huku watu wanakukoholea, sitaki kusimulia. Nilivua kofia. Mwisho ikaita, na safari hii nikataka kuiweka sikioni, lakini mama mkwe akaninyooshea kidole. "Weka wote tusikie. Tulianza wote."

Nikaweka.

"Nimeingia kwa meneja, nimekaa mpaka amekubali," Salome akasema. "Lile ombi lenu la pili limepita. Keshokutwa meli inatia nanga hapo nje kwenu. Wageni wanashushwa kwa boti kwenda kuona magofu. Boti ikirudi kwenye meli, na nyinyi mnapanda. Mafia ndiyo mtakuwa mmeikosa."

Mama mkwe akainua kichwa. "Magofu gani, mwanangu?"

"Ya Kisiwani, mama. Ndio ule mji wa kale."

Mama mkwe akageuka polepole akatazama ng'ambo. Kilwa Kisiwani iko pale pale, inaonekana, haijaenda popote. "Kisiwani hii? Kwa dada yangu?"

Dada yake ameolewa Kisiwani. Sikukuu iliyopita tulikula pilau kule, na watoto walicheza kibaba-kimama ndani ya hayo hayo magofu.

"Yaani ningepanda basi mpaka Dar, nipande meli, nipite Mafia natapika, halafu niteremshwe kwa dada yangu?"

"Ndiyo, mama," akasema Salome. "Na mwongoza wageni angekueleza historia yake."

Mama mkwe alicheka mpaka akaushika mkono wangu asianguke. Mlinzi akacheka. Wanawake wa Pande wakaacha kukohoa, wakacheka wazi. Na mimi nikacheka, huku nalia. Safari ipo. Miguu ya mama haitavimba. Salome, popote ulipo, hata kama ni ghorofa ya tatu, Mungu akuzidishie. (Kurudi kutoka Dar tutajua huko huko.)

Wakati tunarudi kwenye gari, yule aliyeanza kukohoa akauliza, "Kwa hiyo meli haipo?"

Bi Somoe akasimama. Akaliweka sawa baibui lake.

"Meli ipo, inakuja. Wenzenu wanaifuata Dar. Mkwe wangu kaiambia ije inichukue nyumbani."

Mkwe wangu. Mimi niligeuka nyuma kuangalia kama kuna mkwe mwingine.

Sasa hivi nawaandikia kwenye duka la intaneti, mama mkwe kabaki kwangu mpaka meli ije. Mkate wa safari umeshaliwa. Mto wake uko kitandani kwangu na mume wangu kahamia mkekani. Kabla sijatoka, mama mkwe alinifuata jikoni, akaangalia kama hakuna mtu, akaninong'oneza, "Lakini mkwe, mimi na wewe tunajua." Nikamwambia tunajua, mama.

Basi chekeni, nimewaruhusu. Ila chekeni kwa ndani, maana kelele zikifika Pande, kesho naamka mtu wa bara.